Uchambuzi wa kisa: Mercedes SL 500 ya milioni 1.65 iliyodai matengenezo ya shilingi 789,000

Gari na mnunuzi

Gari ni Mercedes-Benz SL 500 ya mwaka 2003, la kizazi ambacho mafundi hukiita R230 na kilichotengenezwa kuanzia 2001 hadi 2011. Lina viti viwili na paa la chuma linalojikunja na kulala ndani ya buti kwa nguvu ya haidroliki. Injini ni V8 ya lita 5.0 (M113) yenye nguvu farasi 306, na gia ni otomatiki ya hatua tano. Liliingizwa Kenya kutoka Uingereza likiwa bado halijavuka miaka minane inayoruhusiwa kwa magari yaliyotumika, na hapa nchini lilikuwa limepitia mikono miwili. Dashibodi ilisoma kilomita 131,000. Rangi, namba ya usajili na majina ya gereji vimeondolewa.

Mnunuzi amejiajiri, anaishi magharibi mwa Nairobi, na ana gari jingine la kazi za kila siku. Alilipa shilingi 1,650,000, fedha ambazo leo zinaweza kununua gari dogo la Kijapani lililoshuka Mombasa majuzi. Bei ya SL imeporomoka kwa sababu gari limezeeka, lakini spea zake bado zinauzwa kama spea za gari lililokuwa miongoni mwa magari ghali zaidi ya kampuni hiyo. Anayenunua gari la aina hii Nairobi hununua pengo hilo pamoja na gari.

Kabla ya kulipa alimleta fundi anayemwamini, mzoefu wa Toyota na Subaru. Fundi alisikiliza injini, akakagua oili, akaangalia bodi kama imewahi kugongwa, akaliendesha barabarani, akafungua paa mara moja. Kisha akachomeka kifaa kidogo cha kusoma kodi za hitilafu, yaani alama za makosa ambazo kompyuta ya gari huzihifadhi, na hakikuonyesha kodi yoyote. Kazi hiyo ilifanywa kwa uaminifu, ila kifaa cha aina hiyo husoma kompyuta ya injini na mambo ya moshi. Hakizungumzi na kompyuta ya breki, ya usimamishaji wa gari, ya paa wala ya umeme wa buti, na matatizo yote makubwa ya gari hili yalikuwa kwenye hizo nne.

Mifumo iliyohusika

Mfumo wa kwanza ni ABC, unaodhibiti kimo cha gari na mlalo wake kwenye kona. Kila gurudumu lina springi na shokomzoba yenye silinda ya haidroliki. Pampu inayozungushwa na belti ya injini husukuma mafuta kwa shinikizo la karibu baa 200, wakati tairi la gari la kawaida hujazwa baa mbili na kitu. Bloku mbili za valvu, ya mbele na ya nyuma, hugawa mafuta hayo kwa magurudumu. Njiani kuna akumuleta, yaani vyombo vya chuma vyenye gesi upande mmoja na mafuta upande wa pili vikitenganishwa na utando wa mpira. Kimoja kidogo hukaa karibu na pampu kutuliza mapigo yake. Kwa sababu kompyuta hulizuia gari kuinama kwenye kona, gari lenye ABC halikuwekewa fimbo za kuzuia mlalo zilizo kwenye magari mengine, jambo litakalokuwa na uzito baadaye katika kisa hiki.

Mafuta ya ABC ni ya sintetiki, mepesi na ya kijani. Yanayouzwa sana ni Pentosin CHF 11S. Chombo chake kiko peke yake na kina kijiti cha kupimia. Pampu ya ABC na pampu ya usukani zimeunganishwa katika nyumba moja, lakini mafuta yake hayachanganyiki na vyombo vyake ni viwili.

Mfumo wa pili ni SBC, breki zinazoendeshwa kwa umeme. Mguu ukikanyaga pedali, kompyuta husoma nguvu ya mguu, kisha pampu ya umeme na akumuleta yake hupeleka shinikizo kwenye kila gurudumu. Umeme ukishindwa, dereva hubakiwa na breki za haidroliki za magurudumu ya mbele tu, pedali ikizama mbali na kuhitaji nguvu nyingi. Mwaka 2004 Mercedes iliyaita magari takriban 680,000 duniani yarudishwe kukaguliwa kwa ajili ya mfumo huu. Kitengo cha SBC huhesabu idadi ya mara breki zilivyotumika, na kikifikia kikomo chake huweka kodi C249F na kudai kibadilishwe.

Wa tatu ni umeme wenyewe. Gari lina betri mbili. Ndogo iko chini ya boneti na kazi yake ni kuwasha injini. Kubwa, ya aina ya AGM ambayo asidi yake haimwagiki, iko kwenye buti na hulisha kila kitu kingine. Kwenye buti hilohilo mna pampu ya haidroliki ya paa, sanduku la fyuzi na moduli (kompyuta ndogo) za nyuma, na pampu ya hewa ya PSE inayohusika na mfumo wa kufunga gari. Maji yakiingia kwenye buti hufika penye vyote hivyo.

Yaliyotokea

Wiki tatu za kwanza zilipita vizuri. Asubuhi moja kona ya mbele kushoto ilikutwa imelala, tairi limemezwa na fenda. Injini ilipowashwa gari lilijiinua. Chini hapakuwa na tone la mafuta. Mnunuzi alikuwa ameambiwa na muuzaji kwamba "hizi gari hulala zikipoa," akaliacha hivyo.

Katika mwezi wa pili dashibodi ilianza kuonyesha ujumbe mweupe wa ABC. Fundi wa jirani alifungua boneti, akaona chombo cha ABC kimepungua, akasema, "Boss, hapa mafuta yameshuka tu, tukiongeza hii ya gia itakaa sawa." Akamimina lita mbili za ATF nyekundu, yaani mafuta ya gia otomatiki. Ujumbe ulizima na wote wawili wakaridhika. Malipo yalikuwa 3,500 pamoja na mafuta.

Hapo palikuwa na makosa mawili kwa pamoja. ATF ni nzito kuliko CHF 11S mfumo ukiwa baridi, na asubuhi ya Julai Nairobi ni baridi ya kutosha kwa pampu kulalamika. Sili na utando wa mpira pia vilichaguliwa kwa mafuta ya kijani. Kubwa zaidi, hakuna aliyeuliza lita mbili zilikwenda wapi. Mfumo huu haumezi mafuta. Yakipungua, yanavuja mahali fulani, na hapa yalikuwa yakivuja kupitia sili ya shokomzoba ya mbele kushoto na kujikusanya ndani ya kikombe cha vumbi kabla ya kudondoka.

Majuma machache baadaye pampu ilianza kupiga kelele ya kuvuma iliyopanda na kushuka na mwendo wa injini. Ujumbe mwekundu wa kusimamisha gari ulitokea kwenye barabara kuu saa za msongamano, na gari likabebwa kwa lori la kitanda. Gereji ya kwanza ilisema pampu imekufa, na kweli ilikuwa imekufa. Ikaleta pampu iliyotumika kutoka Kirinyaga Road, mtaa wa spea jijini Nairobi, kwa 65,000, ikaifunga kwa 12,000, ikajaza mafuta na kulikabidhi gari. Filta haikubadilishwa na mfumo haukusafishwa. Pampu hiyo nayo ilianza kuvuma baada ya siku kumi na tano.

Kisha ikaja mvua ya masika. Vifungio vya milango vikawa vinafunga mlango mmoja na kuacha mwingine. Fundi wa umeme akabadilisha kifungio cha mlango wa dereva kwa 9,000, bila mafanikio. Usiku, gari likiwa limezimwa, kulisikika mlio mdogo nyuma, kama mashine ya kunyolea, ukianza na kukoma. Asubuhi betri ilikuwa imekwisha. Betri ya buti ikabadilishwa kwa betri ya kawaida ya asidi ya 14,500, kwa sababu AGM ilionekana ghali. Betri ya kawaida haifai kukaa ndani ya buti lililofungwa. Hutoa gesi, na haivumilii kushushwa chaji mara kwa mara.

Baada ya hapo mambo yaliporomoka kwa siku chache. Paa liligoma. Ujumbe ulisema vifaa vya starehe havipatikani. Mwishowe likaja onyo jekundu la breki. Gereji nyingine ikasoma neno SBC na kutoa bei ya 260,000 kwa kitengo kipya cha breki. Mnunuzi alikuwa karibu kulipa. Rafiki akamshauri alipeleke kwanza kwa fundi anayeshughulika na Mercedes pekee kule Industrial Area, na gari likabebwa mara ya pili.

Uchunguzi wa kitaalamu

Fundi huyu hakugusa spana kwa saa mbili za kwanza. Alipima betri ya buti kwa mita: volti 11.6 gari likiwa limezimwa, wakati betri nzima iliyojaa husoma 12.6 au zaidi kidogo. Kisha akaunganisha mashine ya Mercedes yenyewe na kusoma moduli zote. Kodi zilikuwa nyingi, nyingi mno kuwa za kweli. Alizichapisha, akazifuta, akaunganisha chaja imara ya volti 13.5, akasoma upya. Zilizorudi zilikuwa chache. Kwa SBC ilikuwepo kodi ya umeme pungufu tu, na C249F haikuwepo. Kitengo cha 260,000 hakikuhitajika.

Aliinua zulia la buti. Sponji lilikuwa limelowa na chini yake maji yalisimama kimo cha kidole. Pampu ya PSE ilikuwa imelala ndani ya maji hayo, na ndiyo iliyokuwa ikijiwasha usiku. Alipima umeme unaovuja gari likiwa limezimwa, baada ya kusubiri saa moja moduli zote zilale, akapata ampea 1.4. Kipimo kinachokubalika ni chini ya miliampea 50. Kwa ampea 1.4, betri ya ampea-saa 70 huisha kwa siku mbili na ziada, na huzorota muda mrefu kabla ya hapo.

Chombo cha ABC kilikuwa na mafuta ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Filta ya chombo hicho ilipotolewa na kufinywa juu ya karatasi nyeupe ilitoa vipande vyeusi vya mpira, vingine vikubwa kama punje ya mtama. Huo ni utando wa akumuleta ndogo ya karibu na pampu, uliopasuka na kusambaa mfumo mzima. Pampu ya Kirinyaga Road haikuwa mbovu iliponunuliwa. Ilikufa kwa kula mabaki ya utando uliopasuka wakati wa pampu ya kwanza.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mkuu ulikuwa mmoja: kutengeneza ABC, kuiondoa na kuweka springi za kawaida, au kuuza gari lilivyo.

Kuuza lilivyo kulimaanisha kupokea ofa kama 700,000, kwa sababu gari lililolala chini lenye taa nyekundu haliwezi kufichwa. Springi za kawaida zilivutia. Seti za kubadilisha zipo nje, na matuta ya Nairobi ni hoja inayoeleweka na kila mtu. Fundi alipinga, na hoja zake zilikuwa thabiti. Gari hili halina fimbo za kuzuia mlalo, hivyo likiwekewa springi tu litalala kwenye kona kuliko gari lolote la kawaida lenye uzito wake, isipokuwa springi ziwe ngumu hadi safari iwe adhabu. Pampu ya pamoja bado ingehitajika kwa ajili ya usukani. Kompyuta ya ABC ingelazimika kudanganywa ili isiwashe taa nyekundu, na kila fundi wa baadaye angekutana na uongo huo akitafuta kosa jingine. Akiba ya bei, baada ya kuhesabu usafirishaji na ushuru, haikuwa kubwa kama ilivyodhaniwa. Kwa gari lenye ABC iliyooza kote, springi zinaweza kuwa chaguo la busara. Kwa gari lenye shokomzoba moja inayovuja na bloku moja inayopitisha mafuta, tunaona alishauri sawa.

Uamuzi wa pili ulihusu mpangilio wa kazi, na hapa ndipo fedha nyingi ziliokolewa. Maji yalizuiwa kwanza, umeme ukafuata, kisha mafuta ya ABC na baadaye vipuri vyake, paa likawa la mwisho. Paa haliwezi kuchunguzwa kwa umeme dhaifu, na moduli mpya ikiwekwa kwenye buti linalovuja itaharibika mvua ijayo.

Wa tatu ulikuwa aina ya spea. Zilizotumika zilikubaliwa pale ambapo kipuri kinaweza kujaribiwa mezani kabla ya kulipwa, kama pampu ya PSE. Kwa pampu ya ABC na shokomzoba ziliagizwa zilizokarabatiwa na zenye dhamana, na zilichukua wiki tatu kufika. Akumuleta zilinunuliwa mpya bila mjadala, kwa sababu gesi hupotea kwa umri hata zikikaa rafuni, na iliyotumika ni kuuziwa uzee wa mtu mwingine.

Kazi ilivyofanyika

Kutafuta maji: mtu mmoja alijifungia ndani ya buti na tochi, mwingine nje na mpira wa maji wa shinikizo dogo. Walianza chini na kupanda juu, dakika tano kila sehemu. Ukianza juu, maji hushuka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Yalipatikana mapito mawili: sili ya taa ya nyuma iliyokauka na kupasuka, na mfereji wa kutolea maji ulioziba kwa majani na vumbi. Sili za taa zote mbili zilibadilishwa na mifereji ikazibuliwa kwa waya laini wa plastiki. Hewa ya kompresa haikutumika, maana inaweza kuchomoa bomba la mfereji ndani ambako halionekani.

Betri zote mbili zilibadilishwa, AGM ya ampea-saa 70 nyuma na ya 35 mbele. PSE ilipobadilishwa, umeme unaovuja ulishuka hadi miliampea 40.

Kwa ABC, bomba la kurudisha mafuta lilichomolewa na kuelekezwa kwenye ndoo. Injini iliwashwa kwa sekunde chache tu kila mara huku mtu akimimina mafuta mapya, ili pampu isizunguke kavu. Mafuta ya kwanza kutoka yalikuwa mekundu-meusi. Bloku ya valvu ya mbele ilifunguliwa kwenye meza iliyofunikwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, valvu zikaoshwa, oringi zote (pete za mpira za kuzuia uvujaji) zikabadilishwa. Kipande kidogo cha mpira kilikuwa kimekwama kwenye valvu ya kushoto. Ndicho kilichokuwa kikiiacha wazi kiasi cha unywele na kulaza kona ile kila usiku. Oringi zilizochakaa zilifanya mengine.

Shokomzoba, pampu na akumuleta tatu zilipofungwa, mashine ya Mercedes ilitumiwa kuendesha zoezi ambalo mafundi huliita rodeo: kompyuta huinua na kushusha kila kona kwa zamu, mara nyingi, ili mafuta ya zamani na hewa vitoke ndani ya silinda. Bila zoezi hilo, sehemu kubwa ya mafuta machafu hubaki kwenye shokomzoba na kurudi kwenye pampu mpya. Lita 14 zilitumika kwa jumla. Filta ya pili iliwekwa baada ya kilomita 500, na ile ya kwanza ilikutwa na vipande viwili zaidi vya mpira. Shinikizo lilisomeka baa 190 likiwa tulivu.

Paa lilitaka umeme mzuri na sili mpya kwenye silinda mbili za kifuniko cha buti, ambazo zilikuwa zimelowesha zulia kwa mafuta. Sili zilipimwa na kutengenezewa kwa fundi wa haidroliki. Seti ya kwanza ilivuja baada ya wiki tatu kwa sababu ilikuwa nene kidogo na iliingizwa kwa nguvu hadi ikachanika mdomo. Ya pili ilishika, na fundi hakutoza tena. Siku ya kukabidhi, paa lilikataa mara moja zaidi na kila mtu akashtuka. Kizuizi cha mizigo ndani ya buti hakikuwa kimeshushwa, na bila hicho kufunga mahali pake kompyuta hairuhusu paa lishuke.

Pamoja na hayo yalifanywa ya kawaida ya injini hii: plagi 16, kwa kuwa kila silinda ina mbili, sensa ya kranki ambayo ikifa huzima injini ikiwa moto, oili lita 8, na soketi ya umeme ya giaboksi ambayo oringi zake hupitisha mafuta ya gia hadi kwenye waya. Injini yenyewe ilikuwa nzima kabisa.

Jambo moja la usalama linahitaji kusemwa kwa nguvu. Padi za nyuma zilibadilishwa wakati huohuo, na kabla ya kugusa kalipa fundi aliizima SBC kwa mashine ya uchunguzi. Mlango wa gari hili ukifunguliwa tu, SBC inaweza kuamka na kujaza shinikizo, na pistoni za kalipa zikasukumwa kwa nguvu ya kuponda kidole. Fundi wa breki asiye na mashine hiyo asipewe kazi hii, hata akiwa hodari kiasi gani kwa magari mengine.

Hesabu

Fedha zilizotumika kabla ya uchunguzi wa kitaalamu:

- ATF na fundi wa jirani: 3,500
- Pampu iliyotumika na kuifunga: 77,000
- Kifungio cha mlango: 9,000
- Betri isiyofaa: 14,500
- Kubebwa mara mbili: 14,000

Jumla 118,000, na ukiondoa kubebwa hakuna kilichobaki na faida.

Kwa fundi wa Industrial Area:

- Uchunguzi: 8,000
- Kuzuia maji: 15,500
- PSE iliyotumika: 18,000
- Betri mbili: 45,500
- ABC: 473,000 (pampu 146,000, shokomzoba 128,000, akumuleta tatu 72,000, mafuta 53,200, filta mbili 9,000, oringi 9,800, kazi 55,000)
- Paa: 46,000
- Injini na gia: 65,000

Jumla 671,000. Padi mnunuzi alizileta mwenyewe na hazimo. Pamoja na zile za mwanzo ni 789,000, karibu nusu ya bei ya kununulia.

Matokeo

Miezi minane baada ya kazi gari linasimama wima usiku kucha, paa linafanya kazi, buti ni kavu hata baada ya mvua za Oktoba hadi Desemba. Kona ya nyuma kulia imeanza kushuka kama sentimita moja kwa siku tatu, dalili kwamba bloku ya valvu ya nyuma nayo itahitaji oringi. Hiyo ni kazi ya siku moja na haina haraka, mradi mafuta yasipungue.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa zaidi ni kupima volti kabla ya kuamini kodi. Katika R230 umeme pungufu huvaa sura ya kila ugonjwa, na bei ya 260,000 ilitokana na mtu kusoma jina la mfumo bila kusoma kodi yenyewe. Mmiliki akiambiwa SBC imekufa, aombe kuona kodi. Kama si C249F au kodi ya pampu yenyewe, betri ya buti ijazwe au ibadilishwe kwanza, kisha isomwe upya.

Kilichogharimu zaidi ni muda kati ya asubuhi ile ya kwanza na uchunguzi. Siku gari lilipolala kona moja bila tone chini, ABC ilihitaji mafuta safi, filta, oringi za bloku na akumuleta ndogo, na pengine shokomzoba. Pampu ilikuwa bado hai. Pampu mbili zilizofuata, kwa bei na kazi, zilikula zaidi ya 220,000. Lita mbili za ATF hazikupasua utando peke yake, kwani utando wa miaka ishirini unaelekea kupasuka hata kwenye mafuta sahihi, lakini ziliuongezea mzigo, na zaidi ya yote zilizima onyo ambalo lingemleta mmiliki kwa fundi mapema.

Gereji ya kwanza ilikosea kwa namna inayorudiwa kila siku: ilibadilisha kipuri kilichokufa bila kuuliza kimeuawa na nini. Kwa mfumo wowote wa haidroliki, pampu ikifa filta hufunguliwa na kuangaliwa kabla mpya haijafungwa. Ni kazi ya dakika ishirini.

Ukaguzi wa kununua ungeweza kuyaona karibu yote kwa gharama isiyozidi 10,000 na usiku mmoja wa kusubiri. Gari lingepimwa jioni kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, kona zote nne, na kupimwa tena asubuhi kabla ya kuwashwa. Zulia la buti lingeinuliwa, siyo kuguswa juu tu, kwa sababu sponji hulowa chini huku juu pakikauka. Kijiti cha ABC kingefutwa kwenye karatasi nyeupe: kijani ni salama, kahawia ni mafuta yaliyochoka, nyekundu maana yake kuna mtu amemimina ATF. Paa lingefunguliwa na kufungwa mara mbili gari likiwa baridi na mara mbili likiwa moto, injini ikiunguruma. Na mashine ya Mercedes ingesoma moduli zote muuzaji akiwa amesimama pale. Muuzaji anayekataa gari lilale usiku mmoja sehemu tambarare kabla ya kupimwa amekwisha kujibu swali.

Kilichobaki wazi ni SBC. Hesabu ya matumizi ya breki haikuwa imefika kikomo, lakini kitengo ni kile kilichotoka na gari kiwandani, na msongamano wa Nairobi hukanyagisha breki mara nyingi kwa kila kilomita. Fundi alimshauri mmiliki atenge 180,000 kwa kitengo kilichokarabatiwa, asome hesabu hiyo kila anapobadilisha oili, na abadilishe mafuta ya breki kila miaka miwili kwa mashine, SBC ikiwa imezimwa.